Mwalimu Litara wa Makapu Matatu

Ijumaa ya tarehe 12 Desemba, Mwalimu Litara Tuimauga atafunga mlango wa darasa lile la mwisho upande wa baharini, atamkabidhi mkuu wa shule ufunguo, na utumishi wake wa miaka ishirini na tisa katika Sekondari ya Fagaloto utakuwa umekamilika. Hakuna mwalimu aliyekaa hapa kumzidi. Wakuu wa shule wamekuja na kuondoka, kimbunga kimebeba paa la maktaba na kulirudisha likiwa limekunjamana, na Litara yupo tu, na mwavuli wake wa kijani na sauti yake isiyohitaji kipaza sauti.

Niliombwa niandike nusu ukurasa wa programu ya sherehe. Nusu ukurasa, jamani, kwa Litara! Mimi nafundisha Hesabu chumba cha pili, ukuta kati yetu ni mbao nyembamba, na nimesikia kila somo lake hata yale ambayo wanafunzi wenyewe walikuwa wamelala. Isitoshe nimeolewa kwenye ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mhariri atanisamehe, nitaandika mpaka nimalize.

Tena naandika moyo ukiwa umetulia. Mngenipa kalamu mwezi wa nane, ningeiandika karatasi hii kwa machozi, maana mwezi wa nane hatukujua kama mwalimu aliyewafundisha watoto wetu wote kutunza pesa ataondoka hapa akiwa na paa la kulala chini yake, au ataondoka mikono mitupu kama wengine waliomtangulia. Sasa tunajua. Lakini nisikimbilie huko, nianze mwanzo.

Litara aliajiriwa kufundisha Biashara. Somo la kutunza fedha halikuwepo. Lilikuja siku mkuu wa shule wa wakati ule aliporudi na meli kutoka mkutanoni Apia, mji mkuu, amebeba sanduku la vitabu kutoka Nyuzilandi, akalitua mbele ya Litara na kumwambia, "Mama, wizara inataka watoto wajue kupanga pesa. Vitabu hivi hapa. Jumatatu uanze." Litara akafungua. Ndani kulikuwa na familia ya watu wanne iliyokuwa ikipanga matumizi ya mwezi: kodi ya nyumba, gesi ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na chakula cha paka.

Darasa lilicheka mpaka walimu wengine tukatoka nje kuchungulia. Kupasha nyumba joto! Hapa Samoa, kisiwani Savaii, ambapo hata usiku tunatafuta upepo! Na paka kununuliwa chakula dukani wakati vichwa vya samaki vipo! Msichana mmoja aliuliza kwa dhati kabisa, "Mwalimu, sasa hawa watu mchango wa kanisa wanatoa wapi? Na wakifiwa je?" Litara akapekua kitabu chote, mbele na nyuma. Hapakuwa na kanisa, hapakuwa na msiba, hapakuwa na mjomba. Watu wale wanne walikuwa peke yao duniani na paka wao.

Angekiacha kitabu siku ile ile, tusingepata kisa cha Uelese. Lakini alikuwa bado mgeni wa somo, akafundisha kilichoandikwa. Sura ya tano ilisema mtu mwenye busara hujifunza kusema hapana. Uelese, mwanafunzi wa kidato cha mwisho, mtoto mtiifu kuliko wote, akaishika. Alikuwa ameuza kakao na kuweka akiba ya ada ya mtihani. Bibi mmoja wa ukoo wao akafariki, wakubwa wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango, na Uelese akasimama mbele ya wazee waliokuwa wameketi kwenye mkeka, akasema kwa adabu zote, "Samahani wazee wangu, msiba huu haumo kwenye mpango wangu wa mwezi."

Loo! Babu yake akauliza, "Ni nani aliyekufundisha kumnyima maiti?" Mtoto akajibu ukweli, kwa sababu ndivyo alivyolelewa: "Mwalimu Litara." Kabla ya jioni kijiji kizima kilishapata habari. Akina mama wa kamati, waliokuwa wakimletea Litara ndizi na magimbi kila wiki, wakapita mbele ya nyumba yake wakiangalia baharini.

Litara hakuandika barua wala hakumtuma mtu. Kesho yake akachukua mkeka wa heshima, ule laini ambao mama yake aliufuma kwa miaka, akaenda kuketi kwenye kokoto mbele ya nyumba ya babu yake Uelese, akajifunika nao kichwani, akatulia kimya juani, kama wafanyavyo watu wa kwetu wanapoomba msamaha wa damu. Sasa, desturi ile ni ya mambo mazito, ya kuua na kujeruhi. Kufanyiwa na mwalimu kwa sababu ya sura ya tano ya kitabu, haikuwahi kutokea. Babu alitoka mbio kifua wazi kumfunua, huku anacheka na kugomba kwa pamoja: "Inuka, mwanangu, inuka, utanifanya nionekane nimeuliwa mtu!" Litara alirudi nyumbani na mguu mzima wa nguruwe. Sote tulikula.

Baada ya hapo, kile kitabu akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na kipo hapo mpaka leo, atakayerithi darasa asikiondoe. Akaenda nyuma ya shule, akakata makuti, akasuka makapu matatu na kuyatundika mbele ya darasa. La kwanza la jamaa na kanisa. La pili la nyumbani. La tatu la kesho. Kila pesa, iwe tala au sene, inayoingia mkononi mwa mtoto ilikuwa lazima ipite kwenye makapu yale, na kapu la jamaa lilijazwa kwanza, kabla ya yote. Wakaguzi walishangaa. Somo la kuweka akiba linaanzaje kwa kutoa? Litara akawaambia, "Kwetu utatoa tu, upende usipende. Mtoto wangu nataka atoe alichokwisha kukitenga, siyo akope ili aonekane ametoa." Kapu likiisha limeisha mpaka lijae tena. Mtu akija na mchango, mtoto hasemi hapana, anasema, "Hiki ndicho kilichopo kapuni." Mjomba atanuna, lakini hawezi kusema amenyimwa.

Sitawachosha na orodha ya waliofaulu. Wapo wanaokwenda Australia kuchuma matunda na kurudi na pesa badala ya spika kubwa tu. Yupo mwenye duka kule njia panda, aliyebandika ukutani maneno ya mwalimu wake, kwamba mkopo wa ndugu ni zawadi iliyochelewa kujitambulisha, na bado ndugu wanamkopa. Na yupo Pelenise.

Pelenise alipewa, pamoja na wenzake, kuku mmoja wa mtaji. Amfuge, auze mayai, aandike faida. Kuku wake alikuwa hodari, akawa anataga hata siku za mvua. Ikafika Jumapili ya Watoto mwezi wa kumi, siku ambayo watoto wetu huvaa nyeupe, huhudumiwa kwanza na wazazi hula mwisho. Bibi yake Pelenise, kwa mapenzi makubwa, akataka kumfurahisha mjukuu. Mtoto anarudi kanisani, anakaa mkekani kama malkia, anafunuliwa sahani, na anamtambua kuku wake kwa rangi ya miguu. Alilia. Akala analia. Akaomba paja la pili. Jumatatu Litara aliandika ubaoni, "Mtaji ulalao uani ni kitoweo," na kuanzia mwaka ule kuku wa darasa wakawa wanalala shuleni. Pelenise ndiye anayechukua somo hili mwezi wa pili, na cheti chake cha ualimu kimekamilika. Makapu hayashuki ukutani. Hilo nalo limetuondolea mzigo.

Sasa nije kwenye mwezi wa nane.

Litara alikuwa hana nyumba yake. Wengi hamlijui hili kwa sababu mmemzoea kwenye ile nyumba ya shule, yenye mlango wa bluu, na mama yake, Bibi Talalelei, ameketi kizingitini akimkaribisha kila apitaye. Nyumba ile ni ya shule. Mwalimu akistaafu anahama. Na Bibi Talalelei macho yamemwisha, miguu inamsumbua, anajua njia ya kutoka kitandani mpaka kizingitini kwa kupapasa, basi. Miaka yote Litara aliweka mpango mmoja: mafao yake yakitoka, ajenge nyumba ndogo kwenye ardhi ya ukoo, amuweke mama yake ndani.

Lakini tunajua mafao ya mwalimu huwa yanaishia wapi. Kabla hayajatoka, yamekwisha kugawanywa. Kuna kanisa linalotaka ukumbi, kuna mpwa anayeoa, kuna msiba, na msiba haukosekani. Mwenzetu wa Useremala, sitamtaja, mafao yake hayakumaliza mwezi. Alirudi hapa kuomba kazi ya kufyeka majani, yeye aliyetengeneza madawati haya tunayoyakalia. Ndiyo maana siku moja, mwanafunzi wa kidato cha mwisho alinyoosha mkono, nikasikia ukutani, "Mwalimu, na za kwako zitabaki?" Nikasubiri jibu. Litara, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, alisema, "Fungueni ukurasa unaofuata." Ukurasa gani, na kitabu kiko chini ya meza?

Mjomba wake, Mzee Lemauga, ndiye mkubwa wa ukoo. Ni mtu mwema, nasema hivi siyo kwa sababu ndiye baba mkwe wangu. Mwezi wa nane aliita kikao cha ukoo, tukakusanyika nyumbani kwake, ile nyumba ya wazi ya nguzo, kila matai, mzee mwenye jina la heshima la ukoo, ameegemea nguzo yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi, mke wa nyumba, kazi yangu ilikuwa kumimina kakao na kunyamaza, na kati ya hizo mbili nilifaulu moja.

Mzee Lemauga akatangaza kwamba ukoo umeamua kumpa Litara jina la babu yake. Awe matai. Mwanamke wa kwanza kulibeba jina lile. Wote tukapiga makofi, na Litara akainamisha kichwa, na niliyaona machozi. Ni heshima ambayo mtu haombi. Halafu mzee akaendelea na shughuli yenyewe. Wageni watatoka vijiji vyote vinavyotuhusu. Nguruwe wakubwa, siyo hawa watoto. Makasha ya samaki wa kopo. Mikeka ya kuwapa wageni, bahasha za wasemaji, bahasha za wachungaji. Siku tatu. Na kwa kuwa mafao yalikuwa bado hayajatoka, tukope sasa, yakitoka tutalipa.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye birika. Kila mtu pale alijua pesa ile ilikuwa ya nini. Na kila mtu aliangalia mkeka.

Litara alizungumza vizuri, kwa lugha ya heshima, taratibu. Alishukuru. Alisema jina la babu yake analipenda, na ni kubwa kuliko anavyostahili kupewa. Akasema anacho kiasi alichokuwa amekitenga kwa ajili ya ukoo, akakitaja, na kusema hicho ndicho kilichopo, kinatosha chakula cha mchana mmoja kwa watu wa nyumbani, na kwa furaha atakitoa chote.

Mzee Lemauga hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, jina la baba yangu siyo maandazi, kwamba mwenye sene kidogo atamegewa kipande. Kutoa ni moyo." Simu ilikuwa katikati ya mkeka, na ndani yake binamu yake Litara, Fetu, aliyeko Oklandi, Nyuzilandi, akisikiliza kikao. Sauti yake ikatoka, nyembamba, ya mtu anayefinywa mahali: "Sisi huku... tutaongeza, mjomba. Tutajitahidi." Mke wake nyuma akasikika akiweka sufuria mezani kwa nguvu.

Nikamtazama Litara. Nilimwona anafungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema. Alitaka kukubali. Miaka yote ile ya kufundisha, makapu, kuku, wakaguzi, na mwisho wake alikuwa anakwenda kukubali, kwa sababu siyo rahisi jamani. Ubaoni ni rahisi. Mbele ya mjomba wako anayekupa jina la babu yako, huna mahali pa kushika.

Ndipo Bibi Talalelei akasema, "Lemauga."

Hapa lazima nieleze kwamba Bibi Talalelei hakuwahi kulipenda somo la bintiye. Amelisimanga kwa miaka. Alikuwa akiwaambia wapita njia, "Huyu wangu anafundisha watoto wa watu ubahili na serikali inamlipa." Yeye mwenyewe ni mtoaji ambaye kijiji kizima kinamjua, jina lake likisomwa kanisani siku ya michango lilikuwa halishuki chini ya nafasi ya tatu. Kwa hiyo aliposema, sote tulidhani anakwenda kumwongezea kaka yake kuni.

Na lazima nikumbushe vijana, kwa sababu mnaanza kusahau: kwetu kaka habishani na dada yake. Anaweza kuwa matai wa matai, akanguruma mkutanoni mpaka kuku wakaruka, lakini dada yake akitamka neno, yeye huinamisha kichwa. Ndivyo tulivyo.

"Lemauga," alisema, "jina la baba yetu likishuka, litakaa wapi?"

"Litakaa kwa Litara, dada."

"Na Litara atakaa wapi?"

Mzee akatazama nguzo aliyoiegemea.

"Matai huegemea nguzo ya nyumba yake. Mwanangu nguzo hana. Wageni wako wa vijiji vyote hivyo wakija kumsalimu matai mpya mwezi wa kwanza, utawapeleka wapi? Chumba cha walimu?" Mtu mmoja akakohoa, nadhani ni mume wangu. Bibi akaendelea, na sauti ikabadilika. "Mimi nimetoa maisha yangu yote, kaka yangu. Nimetoa mpaka mkeka niliokuwa nimeulalia. Sijutii hata mmoja. Lakini miaka yote hii nalala kwenye nyumba ya watu. Nikisikia mlango unagongwa nashtuka, nasema leo wamekuja kututoa. Nimechoka kuwa mgeni. Nyumba kwanza. Jina lina subira, lilikuwepo kabla yetu."

Mzee Lemauga aliinamisha kichwa, na kikao kikaona. Akasema, "Dada amesema."

Na pale, kutoka kwenye simu, ikaja pumzi ndefu kabisa, na sauti ya Fetu aliyedhani hasikiki: "Asante Mungu! Mke wangu, nimepona!"

Nani angejizuia? Alianza kucheka Bibi Talalelei mwenyewe, halafu Mzee Lemauga, halafu nguzo zote. Nilicheka mpaka nikamwaga kakao. Na ukitazama nyuso ungeshangaa, maana kila mtu alikuwa ameshusha mzigo wake. Mmoja alikuwa amepanga kuuza mashine yake ya boti. Mwingine alikuwa hajui atamwambiaje mkewe. Mzee Lemauga aliponyoosha kikombe niongeze, aliniambia chini chini, "Nguruwe wangu wale wawili, mkwe, ni ada ya mjukuu. Nilikuwa nawaaga kila asubuhi." Hakuna aliyekuwa na uwezo wa shughuli ile, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kusema. Alitakiwa mtu ambaye hakuna awezaye kumwita bahili.

Njiani kurudi, Litara alimshika mama yake mkono, nami nyuma yao na mwavuli. Baadaye alimuuliza, "Mama, tangu lini unaunga mkono somo langu?" Bibi akajibu, "Siliungi mkono. Nataka mahali pa kukaribishia watu."

Mafao yalitoka mwezi wa tisa, kwa kuwa mfuko wetu hulipa umri ukitimia hata kama mtu bado yuko kazini, na yakakaa yalipowekwa. Mzee Lemauga alitoa kiwanja kando ya barabara, karibu na bomba. Uelese, ambaye sasa ni fundi na tumbo limemtangulia, ndiye aliyesimamia ujenzi. Alitaka afanye bure, Litara akagoma, akamlipa ujira wake wote, na akamfokea kwa kuuza kazi yake bei ya huruma. Jina la babu litatolewa, Mungu akipenda, mwaka mwingine, kwa chakula cha mchana mmoja, na Mzee Lemauga mwenyewe ndiye anayelitangaza hivyo kila anapopita, kama kwamba wazo lilikuwa lake.

Kwa niaba ya walimu, wapishi, mlinzi wetu na wanafunzi wa Fagaloto wa zamani na wa sasa, tunakushukuru, Mwalimu Litara. Tunakushukuru kwa chaki ulizokataa kutuazima bila kutaja siku ya kurudisha, na kwa kumuuliza mkuu wa shule mbele yetu sote, "Na ile nauli ya meli uliyokopa, baba, lini?" Umewapa watoto wetu neno la kusema mbele ya wajomba zao bila kuwavunjia heshima, na utulivu wako wa leo umetufundisha kuliko ubao. Mungu akuzidishie siku, akutulizie moyo, na akupe asubuhi nyingi za kulala mpaka jua lichomoze bila kengele.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikwenda kuitazama nyumba. Paa lilikuwa bado nusu. Bibi Talalelei alikuwa amekwisha kuletwa, amekaa katikati ya sakafu mpya ya saruji, juu ya mkeka mmoja, jua linamwangukia usoni, na kila ambaye Bibi alisikia nyayo zake barabarani, alimwita: "Pita, mwanangu, pita ule!" Chakula chenyewe hakikuwepo. Litara akainama, akamwambia, "Mama, jua kali, twende nyumbani, tutarudi paa likiisha."

Bibi akapapasa saruji kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka mahali mikono ilipofika. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nimeshafika."

Basi nenda, Mwalimu. Anakusubiri.

Vaosa Tapuni
Idara ya Hesabu, kwa niaba ya wote